Changu wa Feri kwa Laki na Nusu: Unalipia Nini Hasa?

Mwaka jana binti wa dada yangu alihitimu chuo, nasi watu wanne tukaenda kumpongeza kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni, Masaki, Dar es Salaam. Tulikuwa na mjomba, mzee ambaye ujana wake wote aliumalizia Feri, soko la samaki la jijini, akipara samaki wa watu kwa kisu alichokinoa mwenyewe. Sahani yake ilipoletwa, palikuwa na kipande kimoja cha changu juu ya mchuzi wa rangi ya machungwa, na majani matatu yamesimamishwa pembeni kwa uangalifu. Mjomba aliitazama sahani ile kwa muda, kisha akaniinamia na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mpwa wangu, huyu si changu yule yule wa Feri?"

Alikuwa yule yule. Ametoka mnadani asubuhi ya siku ile, pengine mikononi mwa wavuvi ambao mjomba anawajua kwa majina. Lakini bili ilipokuja, ukigawa kwa vichwa, kila mmoja wetu alikuwa amekula laki na nusu. Kwa mama lishe wa Kariakoo, wali na samaki wa kukaanga na mchicha wa kando vingeishia kwenye elfu tano. Swali lile likanikaa kichwani kwa sababu halikuwa swali la ubahili. Mtu aliyeshika samaki miaka thelathini alitaka kujua ni kitu gani kimeongezwa kati ya Feri na Masaki hata samaki akapanda bei kiasi kile.

Ni swali linalozuka kila risiti ya namna hiyo inaposambaa. Wengi wanaikumbuka ile ya Novemba 2022, ambapo Nusret Gökçe, mpishi wa Kituruki aliyepata umaarufu kwa kunyunyiza chumvi ikiteremkia kwenye kiwiko, alibandika mtandaoni risiti ya mgahawa wake wa Abu Dhabi: dirhamu 615,065 kwa meza moja. Kwenye makundi ya WhatsApp ubishi ulikesha. Huyu anasema ni wizi mtupu, yule anasema mwenye pesa aachwe ale. Nilivyowasoma, nikaona hawabishani juu ya kitu kimoja. Neno "ghali" lilikuwa limefunika mambo matatu, na tusipoyatenganisha mapema hatutajua kama bei inastahili au haistahili.

Ghali, fahari na ustadi

Kuna mgahawa ambao ni ghali tu. Upo mahali ambapo huna pengine pa kwenda, au mahali ambapo ardhi yenyewe ni ya dhahabu: uwanja wa ndege, katikati ya hifadhi, kwenye mchanga mweupe ambapo watalii hawatoki nje ya geti. Soda ile ile, chipsi zile zile, bei mara tano. Pale unalipia mahali.

Kuna mgahawa wa kifahari. Hapa pesa imeingia kwenye viti, taa, vitambaa vya meza, sare za wahudumu, muziki, na jinsi mlinzi anavyokufungulia mlango. Chakula kinaweza kuwa kizuri au cha kawaida, na mgahawa ukajaa vilevile, kwa sababu watu wamekuja kuonana na kuonekana.

Halafu kuna mgahawa wa mapishi ya hali ya juu. Hapa pesa imeingia jikoni: kwenye kuchagua malighafi, kwenye idadi ya wapishi, kwenye saa ambazo mchuzi mmoja unakaa motoni. Ndio ninaouzungumzia zaidi katika makala haya, maana ndio pekee ambao swali la mjomba lina jibu refu.

Fikiria kofia. Kofia ya mashine unaipata sokoni kwa bei ya chakula cha mchana. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono inachukua wiki nyingi, hata miezi, kila tundu likizungushiwa uzi kwa sindano, na bei yake ni mara kumi au zaidi ya ile nyingine. Ukisimama ng'ambo ya barabara huwezi kuzitofautisha. Anayejua kofia huisogelea, akaigeuza ndani, akatazama mishono. Sasa mfanyabiashara akichukua kofia ya mashine, akaiweka kwenye kabati la kioo lenye taa na kuiuza kwa bei ya ile ya mkono, hiyo ni fahari isiyo na ustadi. Na mama anayetunga viua barazani kwake Lamu au Unguja ana ustadi usio na fahari. Migahawa nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa kwamba mgahawani mishono huioni. Inabidi uitafute kwa ulimi.

Tukirudi kwenye risiti ya Abu Dhabi kwa macho hayo, ubishi mwingi unaisha. Sehemu kubwa ya zile dirhamu haikuwa chakula hata kidogo. Ilikuwa chupa chache za mvinyo wa Petrus, mvinyo wa Ufaransa ambao bei yake inapandishwa na uchache wake na jina lake. Kwenye upande wa chakula palikuwa na nyama na vitamu vilivyopakwa karatasi ya dhahabu. Dhahabu haina ladha wala harufu, na tumbo haliwezi kuimeng'enya. Inatoka kama ilivyoingia. Kwa hiyo anayeitumia risiti ile kuthibitisha kwamba mapishi ya juu ni utapeli amechukua ushahidi wa kesi nyingine kabisa.

Safari ya changu

Sasa tumfuate samaki wa mjomba. Tuchukue ile laki na nusu ya mtu mmoja, ambayo ilijumuisha kianzio, samaki, kitindamlo na maji. Kwanza toa kodi ya ongezeko la thamani. Kwa asilimia 18 ya Tanzania Bara, karibu elfu 23 si za mgahawa. Zinapita tu kuelekea serikalini. Kenya ingekuwa asilimia 16, na juu yake asilimia 2 ya tozo ya utalii inayotozwa kwenye hoteli na migahawa. Mama lishe mwenye sufuria tatu hayumo kwenye hesabu hiyo, na hapo tayari bei mbili zimeanza kuachana kabla hata jiko halijawashwa.

Zimebaki kama elfu 127. Watu wa biashara ya migahawa wana kanuni yao ya kukadiria: theluthi ya mauzo iende kwenye vyakula, theluthi iende kwenye mishahara, theluthi ya mwisho ibebe pango, gesi, umeme, jenereta, vyombo vinavyovunjika na matangazo, na kama Mungu amejalia, faida. Kadiri jiko linavyokuwa la ustadi zaidi, ndivyo theluthi ya mishahara inavyovimba na kuila ile ya faida. Wengi hudhani mwenye mgahawa wa namna hii anaogelea kwenye pesa. Kwa kawaida anabakiwa na shilingi chache katika kila mia, na mwezi mmoja mbaya unatosha kuzifuta.

Vyakula kwanza. Changu mzima wa kilo moja, ukimtoa kichwa, mifupa, magamba na matumbo, hakupi nusu kilo ya mnofu. Mama lishe anamkata vipande na mifupa yake, na mteja anahangaika na miiba mwenyewe, bila malipo. Mgahawa umemnunua mzima na kukupa mnofu tu, kwa hiyo kila gramu uliyokula imebeba bei ya gramu nyingine ambayo hukuiona. Tena jiko lililoahidi samaki wa leo haliwezi kuuza wa jana. Wateja wasipokuja, samaki yule anahesabiwa hasara, na hasara yake wanaibeba wateja wa kesho.

Lakini theluthi ya pili ndiyo yenye jibu la mjomba. Ule mchuzi wa rangi ya machungwa, ambao alidhani ni nyanya na tui, ulianza na vichwa vya kamba. Mtu alivitenga kutoka kwa kamba waliotumika kwenye kianzio, akavikaanga mpaka vikatoa rangi, akaviponda, akavichemsha na mifupa ya samaki kwa moto mdogo, akauchuja mchuzi kwenye kitambaa, akaurudisha motoni upungue, kisha dakika za mwisho akatia kasimile. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi anajua tui la kwanza halingoji uzembe: likichemka vibaya linakatika, na kazi yote ya asubuhi imeharibika. Mchuzi ule, vijiko vinne tu kwenye sahani, ulikuwa siku ya kazi ya mtu mmoja iliyogawanywa kwa sahani za usiku mmoja.

Tunapopeleka kitambaa kwa fundi cherehani hakuna anayemwambia: "Fundi, mbona kitambaa hiki Kariakoo ni elfu kumi?" Tunajua tunalipia mkono wake. Kwenye chakula tunasahau, kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambamo mkono wa mpishi haujawahi kuwekewa bei.

Kitu cha mwisho ni kiti. Benchi la mama lishe, kati ya saa sita na saa tisa mchana, linapokea watu kumi mmoja baada ya mwingine. Kila anayemaliza anainuka akijifuta mdomo. Kiti chetu cha Masaki kilikaliwa na mtu mmoja saa tatu nzima. Hakuna aliyetuharakisha. Wenye mgahawa walilipa pango la kiti kile kwa mwezi mzima ili kikaliwe na mtu mmoja tu kwa jioni. Ni kama kukodi bajaji ikusubiri badala ya kupanda daladala. Barabara ni ile ile, lakini saa za kusubiri zina bei.

Mbona sahani ina kipande kidogo hivi?

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila mtu, na mara nyingi linatokana na kuhukumu sahani moja wakati mlo wenyewe ni wa sahani sita, nane, hata kumi na tano. Ila lipo jambo la ndani zaidi. Chukua halua. Kipande cha kwanza na kikombe cha kahawa chungu ni raha isiyo na mfano. Cha pili ni kizuri. Ukifika cha tano unaendelea kwa sababu ipo, na cha nane kinakukinaisha. Halua haijabadilika, ulimi ndio umeshiba ladha ile. Wanasayansi wa lishe wameipima hali hii: hamu ya chakula unachokula hushuka upesi kuliko hamu ya vyakula vingine ambavyo hujavigusa. Mpishi anayekupa vijiko vinne anakukatisha kabla hujafika kwenye kipande cha tano, kisha anakuletea ladha nyingine.

Hiyo ndiyo sababu yenyewe inapotumiwa kwa haki. Inaweza pia kutumiwa vibaya. Sahani kubwa nyeupe yenye kipande kimoja cha kuku mkavu na mstari wa mchuzi ni kuku mkavu kidogo, basi. Na mtu akitoka kwenye mlo kamili wa hatua nyingi akiwa na njaa, jiko limeshindwa, hata liseme nini.

Nyota za nani?

Mkanganyiko mwingine uko kwenye nyota. Watu husema "mgahawa wa nyota tano" na "nyota za Michelin" kana kwamba ni ngazi moja. Ni vitu viwili visivyohusiana.

Nyota za hoteli, moja hadi tano, mara nyingi hutolewa na serikali au mamlaka za utalii. Kwetu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja. Wakaguzi wanatazama vyumba, usalama, maegesho, huduma, vifaa, jiko pia likiwemo. Hoteli inaweza kupata nyota tano na pilau yake ikawa ya kusikitisha. Na lile daraja la "nyota saba" linalotajwa kila mtu akizungumzia Burj Al Arab ya Dubai halipo rasmi. Ni sifa ya mdomoni tu.

Michelin ni kampuni ya Ufaransa ya matairi ya gari. Mwaka 1900 ndugu wawili, André na Édouard Michelin, walichapisha kitabu cha kuwasaidia wenye magari: wapi pa kujaza mafuta, wapi pa kutengeneza gari, wapi pa kula na kulala. Magari yalikuwa machache, na hesabu yao ilikuwa nyepesi: watu wakisafiri zaidi, matairi yataisha haraka zaidi. Nyota ya mgahawa ilianza mwaka 1926, na mwaka 1931 zikawa ngazi tatu. Mpaka leo maana yake ni ya msafiri: nyota moja, mgahawa unaostahili kusimama, mbili, unaostahili kuiacha njia yako, tatu, unaostahili safari ya kuja kwa ajili yake peke yake. Wakaguzi huja bila kujitambulisha, hulipa bili yao, na wanachopima ni kilichomo kwenye sahani: ubora wa malighafi, ustadi wa kupika, mpangilio wa ladha, nafsi ya mpishi, na kama leo na mwezi ujao chakula kitakuwa kile kile. Mwongozo huo wa migahawa haujafika Kenya wala Tanzania, kwa hiyo kukosa nyota zake hakusemi lolote kuhusu wapishi wetu.

Kwamba nyota si kipimo cha bei kulionekana wazi Singapore mwaka 2016. Chan Hon Meng, muuza kuku wa mchuzi wa soya na wali kwenye kibanda cha sokoni, alipewa nyota moja. Sahani yake iliuzwa kama dola mbili za Singapore. Watu walipanga foleni kwa saa nyingi. Mwaka 2021, akiwa tayari ameshapanua biashara na kufungua matawi, nyota ile iliondolewa. Naliona hilo kama funzo la maana kuliko nyota yenyewe: kilichokuwa kikitolewa nyota ni mikono ya mtu mmoja mbele ya sufuria moja kila siku.

Ulimi unaweza kudanganywa

Wapo wanaosema chakula cha ghali kina ladha kwa sababu tumeambiwa ni cha ghali. Wanayo hoja, na ina ushahidi.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwaonjesha watu mvinyo huku wakipiga picha za ubongo wao. Waliwaambia kwamba chupa ni tano za bei tofauti, kumbe mvinyo ulikuwa wa aina tatu tu, na mwingine ulirudiwa: mmoja wao safari moja uliitwa wa dola 10, safari nyingine wa dola 90. Watu waliupenda zaidi ulipoitwa wa dola 90, na sehemu ya ubongo inayohusika na kuhisi raha ilifanya kazi zaidi. Hawakuwa wakijifanya, waliihisi raha kweli. Mwaka huo huo utafiti mwingine ulikusanya maonjo zaidi ya 6,000 ambamo bei ilifichwa, na watu wasio na mafunzo ya mvinyo walionekana kuupenda ule wa ghali kidogo chini ya ule wa rahisi. Wengi wetu mvinyo haututii hamu, lakini jambo lenyewe linahusu kila kinachopita mdomoni. Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walifanya jaribio kwenye mgahawa wa hoteli moja huko Edinburgh: chakula kile kile, wengine wakapewa uma na visu vizito, wengine vyepesi. Waliokula kwa vizito walikisifu zaidi na walikuwa tayari kukilipia zaidi.

Sasa je, hilo linamaanisha kila kitu ni kiini macho? Nadhani hapana, na sababu yangu iko nyumbani. Kahawa chungu kwenye kikombe kidogo cha udongo, barazani, baada ya swala ya Isha, ina ladha ambayo haipo kwenye kikombe cha plastiki ndani ya foleni ya magari. Mgeni wa pwani hunawishwa mikono kwa birika na bakuli, hufukizwa udi, hupewa nafasi ya kwanza kwenye sinia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilisha biriani, na vyote vinaibadilisha. Ndiyo maana huwa sikubaliani na anayesema haya ni mambo ya Wazungu. Mji wenye nyota nyingi za Michelin duniani ni Tokyo, na sisi tulikuwa na adabu ya kumketisha mtu na kumlisha kwa hatua kabla ya kuwa na neno la mgahawa. Tatizo linaanza pale ambapo uma mzito umewekwa ili kufunika chakula chepesi. Njia ninayoitumia kuligundua ni ya kitoto lakini inafanya kazi: nafumba macho kwenye tonge la pili. La kwanza bado lina mshangao wa taa na bei. La pili ni chakula peke yake.

Mikono isiyolipwa

Hapa ndipo mada hii inaponigusa zaidi, na ndipo wanaobishana juu ya risiti huwa hawafiki.

Mgahawa wa Noma wa Copenhagen, Denmark, ulitajwa mara tano kuwa bora duniani, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Januari 2023 mwanzilishi mwenza wake, mpishi René Redzepi, alitangaza kwamba utaacha kuendeshwa kama mgahawa wa kawaida. Hesabu haitoki, alieleza. Kwa miaka mingi jiko lile lilitegemea vijana wanagenzi waliokuja kutoka pande zote za dunia kufanya kazi bila mshahara, wakisimama saa nyingi wakichambua majani na kupanga maua kwa vibano. Oktoba 2022 walipoanza kulipwa, gharama ziliongezeka kwa dola zisizopungua 50,000 kwa mwezi. Kabla yake kulikuwa na mgahawa wa elBulli wa mpishi Ferran Adrià, pwani ya Catalonia, Hispania, uliofungwa Julai 2011. Ulihudumia kama watu 50 kwa usiku, na jikoni walijazana wapishi karibu idadi hiyo hiyo, wengi wao wanagenzi wasiolipwa. Pamoja na bei yake na foleni ya maombi isiyohesabika, mgahawa wenyewe ulikuwa ukila hasara. Vitabu na shughuli nyingine za mpishi ndizo zilizoubeba.

Yaani bei ile ya juu kabisa, ambayo sisi tunaiita wizi, haikutosha kulipa mikono yote iliyoingia kwenye sahani.

Ukishaliona hilo kule, geuka umtazame mama lishe. Ile elfu tano yake inawezekanaje? Ameamka saa kumi alfajiri. Kuni au mkaa amebeba mwenyewe. Binti yake anaosha vyombo kabla ya shule, mdogo wake anachota maji. Ukijumlisha saa zote hizo na kuzilipa hata ujira wa kibarua, sahani ile haitabaki elfu tano. Sisemi apandishe bei, wateja wake ni watu wanaohesabu nauli. Nasema tu kwamba tunapotumia bei yake kama fimbo ya kumpigia mpishi wa Masaki, tunatumia bei ambayo imepunguzwa kwa jasho la familia. Na biriani ya harusi, ile inayopikwa usiku kucha na kina mama kumi na wawili, ikipigwa hesabu ya mikono na zafarani ambayo gramu yake moja inahitaji maua kama 150, ingekuwa miongoni mwa vyakula vya ghali zaidi mjini. Inatolewa bure, kwa hiyo tunaiona ya kawaida.

Basi inastahili?

Kwa mtu anayetaka kushiba, haistahili hata siku moja, na hakuna aibu katika kusema hivyo. Kutoka sahani ya elfu tano kwenda ya elfu ishirini na tano, tofauti utaionja waziwazi: nyama imeiva vizuri, viungo ni vibichi, mafuta hayajarudiwa. Kutoka elfu ishirini na tano kwenda laki na nusu, tofauti ipo, lakini ni ndogo, iko kwenye mishono, na unahitaji utulivu na mazoea ya kuitambua. Yeyote anayekuambia chakula cha laki na nusu ni kitamu mara thelathini kuliko cha mama lishe anakudanganya.

Kwa mtu anayelipia mahali tu au fahari tu, ninavyoona mimi, ni afadhali anunue juisi akae kwenye mandhari ile ile, kisha akale kwingine. Kwa mtu anayekopa ili apige picha, deni lile litabaki muda mrefu kuliko ladha. Lakini kwa mtu anayependa kupika, anayependa kujua kichwa cha kamba kinaweza kuwa nini, mara moja kwa mwaka au kwa miaka mitatu, kwa pesa ambayo haimnyimi mtoto ada, nasema ndiyo bila kusita. Unalipa kumwona mtu akifanya kazi yake kwa kiwango cha juu, kama unavyolipa kiingilio kusikiliza taarabu yenye wapiga fidla wanane wakati nyimbo zile zile zipo kwenye simu.

Ukienda, uliza mapema kama bei kwenye menyu imejumuisha kodi na tozo ya huduma, maana bili nyingi zinazoleta ugomvi zimeongezeka hapo. Jaribu mchana, migahawa mingi huwa na mlo wa mchana wa bei nafuu kutoka jiko lile lile. Iogope menyu ndefu: jiko lenye vyakula themanini haliwezi kuwa na themanini vibichi. Usiogope visu na uma. Muulize mhudumu, ndiyo kazi yake. Na agiza kile usichoweza kukipika nyumbani, maana kuku wa kuchoma wa laki utakuuma hata akiwa mzuri.

Usiku ule mjomba alimaliza changu wake, akaufuta mchuzi kwa kipande cha mkate mpaka sahani ikang'aa, kisha akamwomba mhudumu amwitie aliyeupika. Akatoka kijana mwembamba, aproni imelowa, akaamkia: "Shikamoo mzee." Mjomba akaitikia, akamuuliza kwao wapi. Mafia. Akamuuliza nani alimfundisha kuchuja vichwa vya kamba. Akasema kuponda na kuchuja alijifunza kwa bibi yake, ila yule hakuwa akivikaanga kwanza. Hilo amelipata hapa jikoni. Mjomba akaitazama mikono yake, yenye alama za moto mpaka kwenye viwiko, akauliza swali ambalo sisi wengine watatu hatukulifikiria.

"Wanakulipa?"

"Wananilipa, mzee. Tena kwa wakati."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali, akachukua ile bili iliyokuwa mbele yangu, akavaa miwani na kuanza kuisoma upya tangu mstari wa kwanza.